Ngozi ya Muuza Maziwa

Ndugu yangu Kiprono ni mtu wa maziwa, na mtu wa maziwa hujulikana kwa mikono yake. Mteja haonji kwanza. Anatazama mkono ulioshika kipimo, na kama kucha ni chafu atakwambia kwa heshima kwamba leo bado ana ya jana. Kiprono alikata kucha zake kila Jumapili baada ya kanisa, amekaa kwenye kigogo nyuma ya zizi, na mke wake alikuwa akimcheka kwamba anajipamba kuliko bibi harusi. Hakujali. Alisugua mikono kwa sabuni na maji ya moto mpaka ikawa myekundu, kisha akainusa.

Mimi ni Jeruto, dada yake mdogo, tumbo moja. Mume wangu alipofariki nilirudi nyumbani, upande wa Moiben, tukagawana kazi: mimi nakamua, yeye anapeleka. Kila asubuhi alifunga mitungi miwili kwenye baiskeli akashika barabara ya Eldoret. Mteja wake wa kwanza alikuwa Wangari, mama mmoja mwenye kibanda cha chai karibu na chuo cha Chepkoilel, ambaye sisi tulimwita Mama Naomi kwa jina la binti yake. Mumewe, Johnstone, alitengeneza baiskeli hapo kando, na ndiye aliyekuwa akiziba matairi ya Kiprono huku wakibishana kuhusu mpira wa miguu.

Wangari alinunua maziwa kwa watu wengi, maana wanafunzi wa chuo walikunywa chai yake kana kwamba matumbo yao ni mashimo. Maziwa ya wengine aliyachuja kwa kitambaa cheupe kabla ya kuyapika. Ya Kiprono hakuyachuja. Aliyamimina moja kwa moja kwenye sufuria, mbele ya watu, na ndugu yangu aliipenda heshima hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kupewa. Akirudi nyumbani alituambia tena, kana kwamba hatujui, kwamba leo pia Mama Naomi hakuchuja.

Halafu ukaja uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007. Siasa yake siielezi; ilitosha kwamba vijana wa kabila letu waliwageukia majirani wa makabila mengine, na Wangari alikuwa mmoja wao. Waliotaka viti walivipata wakakaa, na sisi tukabaki na majivu.

Asubuhi ile ya Januari nilimkataza Kiprono asitoke. Moshi ulionekana kutoka zizini kwetu. Alinijibu kwamba ng'ombe hawajui mambo ya kura, maziwa yataharibika, na Mama Naomi anamsubiri. Akafunga mitungi yake akaenda. Alipofika alikuta kibanda kinawaka, na nyumba ya nyuma pia, na vijana wamejaa barabarani, wengine ni watoto wa akina mama ninaowajua. Wangari na Naomi walikuwa wamekimbilia kituo cha polisi tangu alfajiri. Johnstone alikuwa amerudi kuchukua spana zake.

Kiprono hakuwa na maji. Alichukua mitungi yake akamwaga maziwa kwenye mlango uliokuwa ukiungua, mtungi wa kwanza, halafu wa pili. Aliniambia baadaye kwamba harufu ya maziwa yale yakiungua haijawahi kumtoka puani. Vijana walimcheka, wakamwita msaliti, wakaendelea na safari yao. Walipoondoka alizunguka nyuma akamkuta Johnstone chini, tayari amekufa. Akamfunika kwa gunia, akampakia kwenye baiskeli ileile ya maziwa, akamsukuma mpaka barabara kuu, ambako lori la polisi lilichukua maiti.

Kwa hiyo watu walimwona. Walimwona akirudi barabarani, mikono ina masizi, shati lina damu, mitungi mitupu. Walioona hawakuuliza, na siku ile nani angeuliza?

Wangari alipelekwa kwenye kambi ya waliofukuzwa, katika uwanja wa maonyesho mjini. Kiprono alimpelekea maziwa. Akazuiwa langoni na wanaume waliokuwa wakilinda, nami nikaingia badala yake, maana mwanamke haogopwi sana. Nilimkuta ameketi nje ya hema, Naomi amelala mapajani mwake. Nilimweleza kila kitu: mlango, maziwa, gunia, baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Jeruto," akasema, "kila mtu wa kwenu anayekuja hapa ananiambia alizima moto. Kila mtu alibeba maiti. Sasa ni nani aliua?"

Nilirudi langoni na maziwa yetu, na Kiprono alipouona mtungi umejaa akaufunga tena kwenye baiskeli.

Mvua za kupanda mahindi ziliponyesha mwaka ule, ngozi yake ilianza kuharibika. Kwanza viwiko, halafu kichwani nyuma ya masikio, halafu mikono yenyewe. Palikuwa na mabaka mekundu yaliyoinuka, na juu yake magamba meupe yaliyobanduka na kuanguka kwenye nguo. Akikunja vidole, ngozi ilipasuka ikatoa damu. Tulipaka mshubiri, tukapaka mafuta ya kondoo, tukapaka dawa ya kuoshea ng'ombe kupe, na hiyo ilimfanya alie, mtu mzima. Wateja mmoja baada ya mwingine walianza kuwa na maziwa ya jana. Chini kwa chini walisema moto alioutia kwenye nyumba ya watu sasa unamchubua yeye mwenyewe.

Na hapa ndipo kosa lilipofanyika, na aliyelifanya ni mama yetu, kwa mapenzi yake yote.

Kwetu, mtu aliyemwaga damu hali wala hanywi na wenzake mpaka atakaswe. Mwaka uliofuata wazee waliamua kuwatakasa vijana waliokuwa kwenye fujo, kwa sababu kulikuwa na nyumba ambazo watu walikuwa hawali pamoja tena, na mmoja wao alikuwa ameanza kuongea peke yake kwenye mahindi. Liliwekwa sharti: wataenda mtoni, watachinjiwa mbuzi, watapakwa uchafu wa tumbo lake, wataoga, na hakuna atakayeulizwa alifanya nini. Bila sharti hilo hakuna kijana ambaye angekuja.

Mama alisema utakaso si wa muuaji peke yake. Hata mtu aliyebeba maiti ya aliyeuawa, na hakunawishwa na wazee, anabaki na uchafu wa kifo mwilini, na huo ndio unaomla Kiprono. Na alisema kweli, ndivyo wazee wa zamani walivyoshika. Kiprono hakutaka. Mama akalia, akakataa kula, akamwambia anataka kumwona mzima kabla hajaingia kaburini. Basi akaenda. Alisimama kwenye mstari pamoja na wale vijana, kifua wazi, mabaka yake yote nje, akapakwa, akaoga, akarudi nyumbani akitetemeka kwa baridi. Hakuulizwa alifanya nini. Lilikuwa ni sharti, na kwa sharti hilo hakupata nafasi ya kusema kwamba yeye alibeba tu.

Ngozi haikupona. Lakini habari ilisafiri haraka kuliko pikipiki. Kiprono alikuwa mtoni. Kiprono alitakaswa. Mtu ambaye hakufanya kitu anatakaswa nini?

Wangari alirudi Chepkoilel baada ya miaka miwili, akajenga kibanda kingine palepale, cha mabati mapya. Siku ya kwanza Kiprono alivaa koti safi, mikono mirefu mpaka kwenye vidole, akampelekea maziwa. Aliniambia Wangari alitazama mikono yake kwa muda mrefu.

"Bado niko na ya jana, Baba Kibet," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. Kibanda kilikuwa kimefunguliwa asubuhi ileile.

Tangu hapo ndugu yangu aliacha kupeleka maziwa. Mimi nilipeleka, yeye akabaki nyuma ya zizi akikata majani ya ng'ombe. Kanisani alikaa benchi la mwisho, na sahani ya sadaka ilipofika kwake mhudumu aliishika yeye mwenyewe ili Kiprono asiiguse. Sijui kama mhudumu huyo alikuwa akiogopa ugonjwa au dhambi. Mimi si mpole kama ndugu yangu. Nilimwambia mhudumu yule maneno ambayo hayastahili kurudiwa, na mchungaji akaniita ofisini. Mama alikufa bila kumwona mwanawe akipona. Kiprono alitaka kitu kimoja tu, na alikisema mara nyingi mpaka nikachoka kukisikia: Mama Naomi ajue kwamba hakuwasha moto ule. Wengine waseme wanavyotaka. Yeye tu ajue.

Mwaka wa kumi vidole vilianza kuvimba kama soseji, asubuhi hawezi kufunga kifungo cha shati. Nikasema basi, nikampeleka hospitali mjini kwa nguvu. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke kijana wa Kisomali mwenye hijabu ya kijivu, Daktari Ilham. Alimshika Kiprono mikono yote miwili, bila glavu, akaigeuza taratibu. Niliona ndugu yangu akifumba macho. Hakuna mtu wa nje aliyekuwa amemgusa hivyo kwa miaka.

Akatuambia ugonjwa unaitwa soriasisi. Hauambukizi. Askari wa mwili wanakosea, wanashambulia ngozi yao wenyewe, wakati mwingine mpaka viungo vya vidole. Mara nyingi unakuwa umelala kwenye damu ya ukoo, na kitu kama huzuni kubwa kinaweza kuuamsha. Kwa macho, alisema, anaona tu juu. Anataka kujua huko chini kumevimba kiasi gani, ili apime kama dawa inafanya kazi. Akatupeleka kwenye ultrasaundi.

Nje ya chumba kile benchi lote lilikuwa la kina mama wajawazito. Kiprono alikaa katikati yao na kofia yake mapajani, mmoja akamwuliza ana miezi mingapi, na wote wakacheka, na yeye pia akacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

Ndani, Daktari Ilham alimpaka mafuta ya baridi yanayoteleza, akapitisha kijichombo kidogo, si kikubwa kama kile cha wajawazito, juu ya kiwiko na juu ya vidole. Kwenye kioo cha mashine tukaona ngozi ya ndugu yangu imelala kwa mistari, nyeupe na kijivu. Alituonyesha kwanza mahali pazuri, penye mstari mwembamba. Halafu akaja kwenye baka: mstari ulikuwa mnene, na chini yake palikuwa na ukanda mweusi. Huo ndio uvimbe, alisema. Akabonyeza kitufe, na ndani ya ule weusi vikatokea vidoti vyekundu, vinawaka na kuzimika, vinawaka na kuzimika. Akasema hiyo ni damu inayokimbilia mahali penye vita.

Kiprono alisogeza uso karibu na kioo.

"Daktari," akasema, "hii mashine inaweza kuona imetoka wapi? Kama ni kitu mtu alifanya?"

Daktari Ilham aliacha mkono wake palepale. Yeye pia ni mtoto wa Eldoret. Nadhani alielewa anaulizwa mwaka gani.

"Mzee, hii inaonyesha vile ngozi imevimba leo," akamjibu. "Kitu mtu alifanya ama hakufanya, haiwezi kuona. Lakini hakuna kitu ulifanya ndio upate hii ugonjwa. Hiyo nakuambia mimi, si mashine."

Kiprono akaomba apewe picha. Akachapiwa moja, na vidoti vyake vyekundu, akaikunja akaitia mfuko wa ndani wa koti. Njiani alikuwa na furaha mpaka nikamwonea huruma. Alidhani sasa ana ushahidi. Jumapili aliwaonyesha wanaume nje ya kanisa, akawaeleza habari ya askari wa mwili kama alivyoelezwa. Mzee mmoja aliishika karatasi ile karibu na macho, akauliza, "Na hii nyekundu ni damu ya nani?" Hakuna aliyecheka. Kiprono akaichukua picha yake akairudisha mfukoni.

Dawa ilikuwa ya vidonge vya kumezwa mara moja kwa wiki, na kupimwa damu mara kwa mara ili ini lisiharibike. Mwanzoni ilimtia kichefuchefu. Halafu mabaka yakaanza kufifia. Magamba yakaacha kuanguka. Vidole vikarudi kuwa vidole, akaanza tena kukaa kwenye kigogo chake Jumapili akikata kucha. Nilipoona hivyo niliingia jikoni nikalia peke yangu, maana nilijua Mama angetamani kuona.

Mnadhani watu walisema ni dawa? Walisema amekwenda kwa Mama Naomi kimyakimya akakiri. Walisema amelipa. Alipokuwa mgonjwa, ugonjwa ulikuwa ushahidi. Alipopona, kupona kukawa ushahidi. Nilitaka kugombana na kituo kizima cha maduka. Kiprono akaniambia niwaache, yeye anaenda kwa Mama Naomi, na safari hii ataenda na mikono nje.

Tulikwenda pamoja kwa pikipiki, yeye akiendesha, mimi nyuma nimekumbatia mtungi. Alikuwa amekunja mikono ya koti na ya shati mpaka juu ya viwiko, na asubuhi ile ilikuwa na baridi. Picha ilikuwa mfukoni mwa koti. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya maneno yake, namsikia: ataanza na mlango, halafu maziwa, halafu gunia, halafu mtoni na kwa nini.

Wangari alikuwa nje akimenya viazi. Amezeeka, nywele zote nyeupe chini ya kitambaa. Alimwona Kiprono akishuka, akaweka kisu chini, akasimama.

"Lete mkono, Baba Kibet."

Akampa. Wangari aliugeuza, akapitisha kidole gumba chake juu ya kiganja, juu ya kila kidole, kama mtu anayechagua maharagwe. Macho yake yakajaa machozi.

"Imeisha," akasema.

"Imeisha, Mama Naomi. Ni dawa. Kuna picha nataka uone." Mkono wake mwingine ulikuwa tayari ndani ya koti.

"Usiniambie ya dawa. Mungu hawezi safisha mtu bado amemkasirikia." Alikuwa hajauachilia ule mkono. "Miaka yote nilikuwa naomba anitoe hii chuki, inanikula. Sasa kama yeye amekusamehe, mimi ni nani? Nimekusamehe, Baba Kibet. Ya nyumba, na ya Johnstone."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi tayari kwenye ulimi. Kiprono akanikanyaga mguu kwa buti lake la mpira, kwa nguvu, bila kunitazama. Yeye alikuwa akimtazama Wangari usoni. Nami nikatazama. Uso ule ulikuwa umelegea, mabega yameshuka, analia kama mtu aliyefika nyumbani akavua viatu.

Kiprono alitoa mkono kwenye koti. Ulikuwa mtupu.

"Asante, Mama Naomi," akasema.

Wangari akafuta macho kwa leso, akauchukua mtungi wetu, akaingia nao kibandani. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetundikwa msumarini. Hakukigusa. Aliyamimina maziwa moja kwa moja kwenye sufuria, akatuambia kesho tusichelewe.

Tulipofika mahali pasipo na watu nilimwambia asimamishe pikipiki. Nilimtukana. Nilimwambia amekubali kuwa muuaji kwa kikombe cha chai, kwamba Mama atageuka kaburini, kwamba watoto wake watabeba jina hilo. Alingoja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Jeruto, yule mama amebeba hiyo kitu miaka kumi," akasema. "Leo ameweka chini. Unataka nimrudishie?"

Akawasha pikipiki. Hatujalizungumza tena. Kila asubuhi anapeleka maziwa, Wangari anamwita mwanangu, na watu wa kituo wanamsalimia vizuri sasa, kama mtu aliyemaliza kifungo chake.

Mwezi uliofuata tulirudi kwa Daktari Ilham. Alifurahi alipoona ile mikono, akaita wanafunzi wake waje waitazame. Halafu akampaka yale mafuta ya baridi, akapitisha kijichombo juu ya kiwiko, na uso wake ukabadilika kidogo. Alituonyesha: juu, mstari umekuwa mwembamba, ngozi ni safi, huwezi kujua. Chini, ukanda mweusi bado upo. Akabonyeza kitufe na vidoti vyekundu vikatokea, vichache kuliko zamani, vinawaka na kuzimika. Akasema ndiyo maana hapimi kwa macho, na kwamba asithubutu kuacha dawa.

"Hapa unasikia uchungu, Mzee?" akauliza.

Kiprono alitazama kioo. "Hapana, daktari," akasema. "Sisikii kitu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilianza kulia nikashindwa kujizuia. Daktari Ilham, mtoto wa watu, akadhani nalia kwa furaha kwamba ndugu yangu hasikii tena uchungu, akaja akanishika bega, akanipa karatasi ya kufutia yale mafuta, nipanguse machozi.